Shule ya Sekondari ya Kata Pembezoni mwa Jiji la Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi

Maswali haya ni yale ambayo wazazi wa kidato cha kwanza huyauliza kila Januari, wengine wakiwa wamesimama langoni na fomu mkononi, wengine kwa simu usiku. Niliyasikia kwa miaka kadhaa nikiwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya kutwa upande wa Barabara ya Singida, na ninayajibu hapa kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake amepangwa katika shule ya serikali iliyoko Nala, Nzuguni, Ihumwa, Miyuji, Matumbulu au kata nyingine yoyote inayouzunguka mji. Shule hizi zinafanana kwa mengi, na pale zinapotofautiana nimesema.

Shule ya kata ni shule ya aina gani?

Ni shule ya sekondari ya serikali, kwa kawaida ya kutwa na ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana, iliyojengwa kwa nguvu za wananchi na serikali ili watoto waliomaliza darasa la saba katika kata husika wapate nafasi karibu na nyumbani. Nyingi zilizaliwa katika kipindi cha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulioanza mwaka 2004, wakati viongozi walipozunguka nchi nzima wakihimiza kila kata iwe na sekondari yake. Wazee wa vitongoji vya Dodoma wanakumbuka vizuri zamu za kusomba mawe, mchanga na maji ya ujenzi, na ndiyo maana hadi leo wapo wanaoitaja shule kwa neno "yetu" kwa haki kamili.

Kiutawala shule iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma, ambayo nayo inawajibika kwa Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Sera, mitaala na mitihani ni kazi ya Wizara ya Elimu na taasisi zake, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania kwa mitaala na Baraza la Mitihani (NECTA) kwa mitihani. Mzazi akiujua mgawanyo huu hujiepusha na safari nyingi za bure, kwa sababu dawati lililovunjika halipelekwi wizarani, na cheti kilichokosewa jina hakirekebishwi na mtendaji wa kata.

Kwa nini shule hizi zinajaa haraka kiasi hiki?

Zilijengwa kwa ajili ya vijiji, nao mji ukazifuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika eneo hilohilo. Kati ya hesabu hizo mbili serikali ilihamia Dodoma kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Mji wa Serikali ukaanza kuota Mtumba. Viwanja vilivyopimwa nje ya mji vikageuka mitaa, na shule iliyokuwa na mikondo miwili, yaani madarasa mawili kwa kila kidato, ikizungukwa na mashamba ya uwele ikajikuta katikati ya nyumba za watumishi, mafundi na wafanyabiashara waliotoka mikoa yote.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, 12,000 kati yake yakiwa ya sekondari, na SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ukaongeza shule mpya. Hata hivyo nyumba za kuishi huota haraka kuliko madarasa, na mzazi asishangae akikuta mkondo mmoja una watoto wengi kuliko madawati yaliyopo.

Mwanangu amepangwa shule iliyo mbali. Naweza kubadilishiwa?

Uchaguzi wa kidato cha kwanza hufanywa na TAMISEMI baada ya matokeo ya darasa la saba, na majina hutangazwa kwa kawaida mwezi Desemba. Wachache wenye alama za juu sana huenda shule za bweni za vipaji maalum, mojawapo ikiwa Msalato ya wasichana, ambayo iko hapahapa Dodoma na wengi huichanganya na shule ya kata kwa sababu tu ya jina la eneo. Waliobaki hupangwa katika shule za kutwa kwa kufuata mahali shule yao ya msingi ilipo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Familia iliyohama kutoka Chang'ombe kwenda Nala mwezi Novemba itamkuta mtoto amepangwa Chang'ombe.

Uhamisho unawezekana. Mzazi huanza kwa mkuu wa shule alikopangwa mtoto, kisha hupata kibali cha shule anayotaka kwenda, na uhamisho hukamilishwa kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi kwa kutumia namba ya PReM, yaani namba ya utambulisho ambayo kila mwanafunzi anayo. Shule inayopokea inaweza kukataa ikiwa imejaa, na mara nyingi husema kweli. Ushauri wangu ni kwamba mtoto aripoti kwanza pale alipopangwa, kisha uhamisho ufuatiliwe, kwa sababu nafasi inayokaa wazi kwa muda mrefu ina hatari ya kupotea, na wiki za mwanzo ndizo za kozi ya Kiingereza ambayo nitaieleza huko mbele.

Je, umbali una uzito kiasi hicho? Watoto wa zamani walitembea.

Walitembea, na wengi wao hawakumaliza. Kama ningeruhusiwa kumuuliza mzazi swali moja tu kabla ya mwaka kuanza, ningemuuliza mtoto atafikaje shule na atarudije. Shule hutaka wanafunzi wawe wamefika kabla ya saa 1:30 asubuhi kwa ajili ya usafi na mstari, na masomo huisha alasiri. Mtoto anayeondoka nyumbani gizani mwezi Juni, wakati baridi ya Dodoma inauma na upepo unapeperusha vumbi, huingia darasani akiwa amechoka kabla ya kipindi cha kwanza. Kipindi ni dakika 40, na anayechelewa kila siku hupoteza vipindi vilevile kila wiki, kwa sababu ratiba hujirudia.

Usafiri wa daladala upo kwenye barabara kuu nne, yaani ya Dar es Salaam, ya Arusha, ya Singida na ya Iringa, lakini shule nyingi ziko ndani, mbali na lami. Makondakta huwaacha wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, na jambo hili liripotiwe LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, badala ya kumlaumu mtoto kwa kuchelewa. Bodaboda ndiyo jibu la haraka na ndiyo jibu ninaloliogopa zaidi, hasa kwa wasichana. Dereva anayembeba binti bure leo ana hesabu yake. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini hukumu huja baada ya madhara.

Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kuna tatizo la makorongo. Mvua za Dodoma ni chache kwa mwaka, lakini zikinyesha hunyesha kwa hasira, na korongo lililokuwa njia kavu asubuhi huwa mto mchana. Mzazi aizungukie njia hiyo mwenyewe, kwa miguu, siku ya mvua.

Si afadhali nimpangie chumba karibu na shule?

Wengi hufanya hivyo, na watoto wenyewe hupaita geto. Sikubaliani nalo kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili, hata kama nia ni njema, kwa sababu mtoto wa miaka 14 anayejipikia, anayejiamsha na asiye na mtu wa kumuuliza alikuwa wapi usiku anaishi maisha ya mtu mzima bila akili ya mtu mzima. Shule kadhaa zimejenga hosteli kwa michango ya wazazi, zikiwa na matroni na utaratibu wa kujisomea jioni. Kama shule haina hosteli, atafutwe ndugu, jirani wa zamani au familia ya waumini wenzenu inayoishi karibu, na mkuu wa shule aelezwe kwa maandishi mtoto anakaa na nani.

Elimu ni bila ada. Kwa nini basi bado naombwa fedha?

Ada ya sekondari ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka wa fedha 2022/2023 ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na sita. Serikali hupeleka shuleni fidia ya ada pamoja na ruzuku ya uendeshaji. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumdai mzazi ada.

Kilichobaki kwa mzazi ni sare, madaftari, matibabu, nauli na chakula. Fomu ya maelekezo ya kujiunga huorodhesha pia vitu kama rimu ya karatasi, ufagio, jembe au fyekeo na dumu la maji, na hapa pana maneno mengi kila mwaka. Mzazi anayo haki ya kuuliza kila kitu kinatumika wapi. Michango mingine huamuliwa katika kikao cha wazazi na hupaswa kupata kibali cha halmashauri, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Ikitokea, mzazi aanze na mwenyekiti wa bodi ya shule kabla ya kwenda redioni.

Kuhusu chakula cha mchana, ni lazima kuchangia?

Si lazima kwa maana ya sheria. Ila fikiria mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa 11:30 alfajiri, akatembea, akakaa darasani hadi alasiri, kisha akarudi kwa miguu. Vipindi vya mwisho vya siku huwa ni vya watu waliolala macho wazi. Katika shule niliyoifahamu tulipambana mwaka mzima kukubaliana kiasi cha mahindi na maharage kwa kila mzazi, wengine wakitoa debe, wengine fedha, na wachache wakijitolea kuni. Makande yalipoanza kupikwa, utoro wa mchana ulipungua mbele ya macho yetu, na mwalimu wa zamu akaacha kuzunguka vichakani kuwatafuta wavulana.

Tatizo kubwa ni mwaka wa njaa. Dodoma ni nchi kame, na mvua ikikatika Februari mahindi hukauka yakiwa yanabeba. Mwaka kama huo wazazi wanaotegemea shamba huacha kuchangia wakati uleule watoto wanapohitaji chakula zaidi. Shule zenye busara hununua mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na hukubali mtama au uwele badala ya mahindi. Hakuna aibu katika ugali wa uwele na mlenda, ndivyo vilivyoikuza Ugogo.

Mwanangu alifaulu vizuri darasa la saba, lakini sasa anasema haelewi kitu. Je, walimu ni wabovu?

Huenda tatizo ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka saba, na Januari anaingia darasani ambako Jiografia, Baiolojia na Hisabati zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kozi ya Kiingereza ya wiki chache za mwanzo humsaidia kuvuka hatua ya kwanza, lakini haiwezi kumaliza pengo la miaka. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani hunyamaza, kisha hukariri sentensi asizozielewa, na huo ukimya ndio dalili ambayo mzazi anapaswa kuitambua.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia sana. Amwombe mtoto amweleze kwa Kiswahili, jioni, alichojifunza siku hiyo. Kama anaweza kueleza usanisinuru kwa maneno ya nyumbani, amelielewa somo na kilichobaki ni msamiati. Kama hawezi, daftari lake limejaa maandishi tu. Kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili ina manufaa kuliko simu janja kwa mwaka huo wa kwanza.

Anasoma masomo gani?

Mtaala ulioboreshwa umekuwa ukiingia hatua kwa hatua tangu Januari 2024, na una mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Shule nyingi za kata zipo kwenye mkondo wa jumla, ambamo utakuta Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Jiografia, elimu ya biashara na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, pamoja na masomo ya sayansi na mengineyo kulingana na walimu waliopo. Mkondo wa amali humpa mwanafunzi fani ya kazi sambamba na masomo ya jumla, na unahitaji karakana, ndiyo maana shule zinazoutoa bado ni chache.

Kuhusu sayansi, uliza hali ya maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na majengo yakasimama karibu kila mahali. Jengo peke yake si maabara. Uliza kama kuna maji ya bomba, kama kuna kemikali, na kama kuna mwalimu wa Fizikia aliyeajiriwa au anayejitolea. Jibu la mkuu wa shule mkweli kwa swali hilo la tatu litakueleza mengi.

Nitajuaje kama shule inafaulisha?

NECTA huweka matokeo ya kila kituo hadharani, na kituo cha shule hutambulika kwa namba inayoanza na herufi S, huku P ikiwa ya watahiniwa wa kujitegemea. Tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, jambo ambalo binafsi nililifurahia, kwani ushindani ule ulizihusu shule chache za bweni na kuzifanya zilizobaki zionekane takataka.

Soma matokeo kwa utulivu. Katika kidato cha nne, A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Masomo saba bora hubadilishwa kuwa pointi, A ikiwa pointi moja na F tano, kisha hujumlishwa. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 na 35 ni sifuri. Binti mwenye C tano na D mbili ana pointi 23, yaani daraja la tatu, na ana sifa ya msingi ya kuchaguliwa kidato cha tano, kwa kuwa C zake zimezidi tatu. Kwa hiyo usitazame tu daraja la kwanza wapo wangapi. Tazama sifuri ni ngapi na zinapungua au zinaongezeka kwa miaka mitatu mfululizo, kisha tazama ufaulu wa Hisabati, somo linaloangusha wengi kote nchini.

Tazama pia waliosajiliwa kidato cha kwanza walikuwa wangapi na waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni wangapi. Tofauti hiyo haimo kwenye jedwali la matokeo, lakini mwalimu wa taaluma anayo. Wengine walihama, wengine walikwama kwenye upimaji wa kidato cha pili, na wengine wapo machungani au kwenye mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo.

Walimu wanaruhusiwa kuchapa viboko?

Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kuandikwa katika kitabu maalumu. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale shule isipokuwa naye. Kuchapa darasa zima kwa kushindwa swali la Hisabati hakumo katika kanuni hizo. Mzazi mwenye malalamiko aombe kukiona kitabu.

Binti yangu aliacha shule kwa ujauzito. Anaweza kurudi?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu yoyote, ujauzito ukiwemo, anaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Asiyependa kurudi darasa lilelile anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Nimeona mama mmoja akimleta binti yake langoni huku amembeba mjukuu mgongoni, na mlinzi, mzee wa Kigogo, akawasalimu "mbukwenyi" kama anavyowasalimu wote, bila kuongeza neno. Mapokezi ya namna hiyo ndiyo ya kuombea, kwa sababu wenzake darasani huwa hawana upole huo.

Nina mtoto aliye darasa la msingi sasa. Kuna jambo la kujiandaa?

Kuna moja kubwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba linamaliza. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Kwa shule za pembezoni mwa Dodoma, ambazo hata sasa hujaa, hesabu ya madarasa, vyoo na maji inapaswa kuwa ajenda ya kila kikao cha wazazi kuanzia sasa.

Nikiwa na tatizo nianzie kwa nani?

Mwalimu wa darasa kwanza. Kisha makamu mkuu wa shule, mkuu wa shule (katika sekondari haitwi mwalimu mkuu), bodi ya shule, Afisa Elimu Kata, na mwisho Afisa Elimu Sekondari wa Jiji. Nenda asubuhi, siku isiyo Jumatatu, na nenda na daftari la mtoto.